Mikoko, mito na mita 60: maswali mnayouliza sana kuhusu sheria ya mazingira huku Pwani

Haya ni maswali yanayokuja kila mara kutoka kwa wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji, wavuvi, wakulima wa mpunga wa delta ya Rufiji, na ndugu zetu wa mjini walionunua viwanja karibu na maji halafu wakaamka wakakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Nimejibu kwa upande wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya nimezigusa kule chini. Namba za vifungu ni za sheria kama zilivyopitishwa mwaka ule, na kwa kuwa matoleo mapya ya sheria huwa yanapanga namba upya, ukienda kwa mwanasheria mtajie jina la sheria na mwaka, atakuelewa.

Niseme mapema msimamo wangu ili usome ukijua: sheria tunazo, tena nyingine nzuri sana. Kinachotuangusha ni kwamba kijiji hakina kitu kilichoandikwa, na sheria bila karatasi ya kijiji haimsaidii mtu.

Sheria ya mazingira yenyewe ni ipi hasa?

Kubwa ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Namba 20, iliyoanza kutumika Julai 2005. Hiyo ndo mama. Lakini usishike hiyo peke yake, maana mikoko iko chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, samaki wako chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, maji ya mto yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, ardhi ya kijiji ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hifadhi za bahari zina yao ya 1994. Ndo maana ukienda ofisi moja unaambiwa nenda ile, ukienda ile unaambiwa rudi kule. Sio kila mara wanakukwepa, saa ingine kweli ishu yako inagusa sheria nne kwa pamoja. Mti mmoja wa mkoko umesimama kwenye msitu wa serikali, juu ya ardhi ambayo sheria ya ardhi inaitaja kama hatarishi, ndani ya maji yanayosimamiwa na bodi ya bonde la mto, na chini ya mizizi yake wamo kamba wa idara ya uvuvi.

Mimi ni mvuvi tu, sina cheo, nina haki gani kwenye hiyo sheria?

Kubwa kuliko unavyofikiri. Kifungu cha 4 cha ile sheria mama ya 2004 (vifungu nitakavyotaja bila jina la sheria ni vya hiyo) kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakwenda mbele zaidi, kinakuruhusu wewe kumshtaki mtu ambaye kitendo chake, au kutotenda kwake, kunatishia mazingira. Unaweza kuiomba mahakama izuie, isimamishe, imlazimishe afisa wa serikali atimize wajibu wake, iamuru uharibifu urekebishwe, au walioumia walipwe. Na sheria inaongelea tishio, yaani huna haja ya kusubiri hadi bahari ife ndo uende.

Halafu kuna haki ya taarifa, kifungu cha 172. Taarifa za mazingira zilizo kwenye ofisi ya umma unaweza kuziomba, na haki hii watu hawaitumii kabisa, wanapiga kelele mtaani wakati barua moja ya kuomba ripoti ingewapa silaha ya kupigania. Iandike barua kwa heshima, taja kifungu, peleka kopi mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi, na zinakataza nini?

Hili ndo linaongoza. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, bwawa au lambo. Nyumba, ukuta, kiwanda, gereji, vyote hivyo ni vya kudumu, hakuna mjadala.

Tatizo linakuja kwenye kupima. Ufukwe wetu maji yanatoka na kuingia, na mahali maji yanapofika siku ya bamvua, maji yakiwa makubwa kabisa, ni mbali sana na yanapofika maji mafu, siku yakiwa madogo. Usipime siku bahari imetulia ukajipa moyo. Pima kutoka alama ya juu kabisa yanapofika maji ya bamvua, pale unapoona mstari wa takataka, majani makavu ya nyasi bahari na makombe. Mto nao upime kutoka ukingo wake wakati umejaa, sio kutoka kwenye kamkondo kanakobaki mwezi wa kumi. Na kabla hujatoa hata senti kununua kiwanja nenda kwa afisa ardhi na afisa mazingira wa halmashauri wakakuonyeshe kwenye ramani, maana dalali hatakuambia ukweli, na siku ya kubomolewa dalali hayupo. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi pale Dar zilibomolewa kwa sababu hizi hizi, watu walikuwa wamekaa miaka, wengine wana mita za umeme na risiti za kodi ya jengo. Risiti ya kodi haihalalishi kiwanja, na hilo linauma lakini ndo hivyo lilivyo.

Nalima mchicha na mahindi kando ya mto, sijajenga kitu. Nako nimevunja sheria?

Soma tena maneno ya kifungu: cha kudumu *au* kinachoweza kuathiri uhifadhi. Mchicha sio nyumba, lakini ukilima mpaka mdomoni mwa mto, mvua ya kwanza inabeba udongo wako wote, mto unajaa mchanga, na dawa ulizopiga zinakwenda kwa anayechota maji chini. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba uko hatarini, afisa akija ana pa kusimamia. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoruhusiwa ndani ya eneo hilo, ndo maana nashauri vikundi vya wakulima waende kwa pamoja, wakubaliane na halmashauri ukanda wa kuachwa na nyasi na miti, na kilimo kirudi nyuma. Mkulima mmoja mmoja akienda anafukuzwa, kikundi kikienda na ramani kinasikilizwa.

Na hapa nitasema linalonikera. Anayelima matuta sita ya mchicha anang'olewa asubuhi, na ukuta wa zege uliojengwa mpaka kwenye maji unaandikiwa barua miaka mitatu. Sheria ni moja. Kamati za mazingira zikiandika makosa yote kwa usawa, kubwa na dogo, kwenye daftari moja lenye tarehe, inakuwa ngumu kwa mtu kuchagua nani wa kumwadhibu.

Mikoko ni ya nani? Babu yangu alikuwa anakata tangu zamani.

Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, na imekuwa hifadhi tangu enzi za ukoloni. Leo inasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi ya mikoko na matumbawe kwenye orodha ya ardhi hatarishi. Kwa hiyo hakuna hati ya mtu binafsi kwenye mikoko, na akija mtu anakuuzia "shamba la mikoko" na karatasi ya mtendaji, hiyo karatasi haina nguvu hata igongwe mihuri kumi.

Lakini kusema ni ya serikali haimaanishi kijiji hakina neno. Sheria ya Misitu ya 2002 imeweka njia ya usimamizi wa pamoja: kijiji na mwenye msitu wanaandikiana mkataba, kijiji kinalinda na kufanya doria, na kinapata haki fulani za matumizi na sehemu ya mapato. Bila mkataba mnalinda bure. Nimeona kamati inakesha mtoni inakamata jahazi limepakia boriti za mkandaa, zimefungwa mafungu mafungu na kufunikwa makuti juu, jahazi linapelekwa wilayani, faini inalipwa, na kijiji hakipati hata hela ya betri za tochi. Mara ya pili nani atatoka usiku?

Kukata boriti moja mbili za kujengea nyumba yangu inahitaji kibali?

Ndio, kibali cha TFS, na kusafirisha kunahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile wenyewe tunaiita TP. Kuna vipindi uvunaji wa mikoko unafungwa kabisa, kwa hiyo uliza ofisi ya TFS ya wilaya yako kabla hujanoa panga. Matanuri ya chokaa yanayochomwa kwa magogo ya mikoko hayana utetezi wowote. Tanuri moja linakula magogo mabichi kwa marundo, na yale ndo miti mikubwa iliyoshika ufukwe.

Sisi wa delta tunalima mpunga ndani ya mikoko miaka yote, serikali inataka tufe njaa?

Swali zito hili na sitalijibu kirahisi.

Delta ya Rufiji ndo yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000. Mafuriko makubwa ya miaka ya 1970 yaliupeleka mkondo mkuu wa mto upande wa kaskazini, maji baridi yakawa mengi kule, na mpunga ukawa unakubali. Watu wakafyeka mikoko wakalima. Ukitembea kule unaona yalivyo: shamba la mwaka wa kwanza bado lina visiki vya mkoko vimesimama katikati ya mpunga, vyeusi, na kaa wametoboa tuta zima. Baada ya misimu kadhaa majani yanazidi, kaa wanakata miche, mazao yanashuka, na mkulima anasogea kufyeka kipande kingine. Kile cha nyuma kinabaki magugu.

Kisheria ule ni msitu wa hifadhi, kulima ndani yake ni kosa. Kibinadamu, wale ni wananchi wenye vijiji vilivyosajiliwa, shule na makaburi ya wazee wao. Kuwachomea vibanda haijawahi kurudisha mkoko hata mmoja, na inawafanya waione hifadhi kama adui. Ninachoamini kinafanya kazi ni makubaliano ya maandishi kipande kwa kipande: mashamba yaliyopo yachorwe, mstari wa mwisho uwekwe, yaliyoachwa yarudishiwe mikoko na wakulima wenyewe kwa malipo, na kufyeka upya kusimame kabisa. Sheria ya Misitu inatoa nafasi hiyo kupitia mpango wa usimamizi na mkataba wa pamoja. Kazi ni kukaa mezani, na kijiji kinachokuja mezani na ramani yake mwenyewe kinapata zaidi kuliko kinachokuja mikono mitupu.

Kuna mradi mkubwa unakuja kijijini, tunasikia tu. Tunaruhusiwa kuuliza?

Sio kuruhusiwa, ni haki yenu. Kifungu cha 81 kinamtaka mwenye mradi afanye TAM, yaani Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kabla ya kuanza. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinagawa miradi kwa makundi, yale makubwa ya kundi A lazima yafanyiwe tathmini kamili. Mtaalamu anayefanya kazi hiyo lazima awe amesajiliwa, ila kumbukeni analipwa na mwenye mradi, kwa hiyo msitegemee aandike uchungu wenu kwa niaba yenu. Anakuja, anaitisha kikao, anapitisha karatasi ya mahudhurio msaini, na ile karatasi inaingia kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Watu wanasaini wakidhani ni ya posho.

Fanyeni hivi. Kikao kikiitishwa, kijiji kiwe na katibu wake anayeandika muhtasari wake mwenyewe. Maswali yote yaandikwe: maji taka yataenda wapi, barabara itapita wapi, wavuvi watafunga ngalawa wapi, mikoko mingapi itakatwa, nani atalipa uharibifu ukitokea. Muhtasari ugongwe muhuri wa kijiji, kopi ipelekwe ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nyingine kwa afisa mazingira wa wilaya. Ripoti yenyewe inatakiwa iwe na muhtasari wa Kiswahili, uombeni. Na kama hamjaridhika ombeni mkutano wa hadhara wa kusikiliza maoni, umo kwenye utaratibu.

Wanavijiji wamewahi kushinda lakini? Au tunajichosha?

Wamewahi, tena hapa hapa Rufiji. Miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kuweka mradi wa kufuga kamba ndani ya delta, eneo la hekta 10,000. Mabwawa ya kamba maana yake mikoko inaondoka, na mikoko ndo malezi ya kamba wa porini ambao wavuvi wetu wanaishi kwao: kamba mkubwa anataga baharini, watoto wanaingia mikokoni kukua, halafu wanarudi baharini. NEMC ikaipitia tathmini na kushauri mradi ukataliwe. Wakati ule NEMC ilikuwa chini ya sheria ya 1983, kazi yake ni kushauri tu, haina meno. Serikali ikaupitisha mwaka 1997. Wanavijiji kwa maelfu, wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, wakaenda Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa hadi leo.

Angalia tofauti ya sasa. Leo tathmini ni lazima kwa sheria na cheti kinatakiwa kabla ya kazi kuanza. Waliopigana 1997 hawakuwa na sheria hii ya 2004, walikuwa na umoja na waliweka majina yao kwenye karatasi.

Kuna na ya mjini. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa dampo lililokuwa linawaka moshi mchana na usiku, Mahakama Kuu ikawapa haki 1988. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa kule nao wakaenda mahakamani 1991 wakisimamia ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, nao wakashinda. Hapo hakukuwa na sheria ya mazingira kama hii tuliyo nayo. Walitumia Katiba na ubishi wao.

Mwekezaji tayari ana cheti cha mazingira. Imeisha hiyo?

Haijaisha. Cheti kinakuja na masharti na mpango wa usimamizi wa mazingira, na mradi unafanyiwa ukaguzi baada ya kuanza. Akivunja masharti cheti kinaweza kusimamishwa au kufutwa. Kwa hiyo ombeni kopi ya masharti, yasomeni kwenye mkutano mkuu, na kila mjumbe apewe sharti lake la kufuatilia. Kama liliandikwa maji yatachujwa kabla ya kumwagwa, mtu achukue picha kila wiki pale bomba linapotokea. Sheria pia ina amri ya kurejesha mazingira, anayeharibu anaamriwa arudishe palivyokuwa kwa gharama yake, na Baraza la Rufani la Mazingira limewekwa kwa ajili ya asiyeridhika na maamuzi.

Maji ya mto yanapungua, huko juu wanachepusha. Mto wenyewe una haki?

Kwa namna fulani ndio, na hii sehemu ya sheria ya maji ya 2009 naipenda sana. Inasema kuna akiba ya maji ambayo lazima ibaki mtoni kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na kwa ajili ya kulinda viumbe na mifumo ikolojia ya majini. Vibali vya kilimo na viwanda vinakuja baada ya hapo. Tuna mabonde 9 ya maji nchini na kila moja lina bodi yake, Rufiji wana yao, Wami/Ruvu wana yao, Pangani vilevile. Anayevuta maji kwa pampu kubwa au mfereji anatakiwa awe na kibali cha bodi ya bonde. Muulizeni bodi nani ana kibali cha kiasi gani.

Tukilala tunajua kinachotokea, Mto Ruaha Mkuu umeonyesha. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope, sababu kubwa ikiwa maji yanayotumika bonde la Usangu kabla hayajafika. Sisi wa delta linatuhusu moja kwa moja, Ruaha ni mkono wa Rufiji. Na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Lakini delta inaishi kwa maji baridi na udongo unaoletwa na mto, na bwawa linazuia udongo. Kwa hiyo namna maji yanavyofunguliwa, lini na kiasi gani, ni jambo la mikoko na kamba pia, sio la umeme tu. Wajumbe wa delta kwenye vikao vya bonde hilo ndo liwe la kwanza mdomoni.

Tunaambiwa tuko kwenye eneo la Ramsar, inamaanisha nini?

Ni mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa 2004, lina karibu hekta 597,000. Haikufukuzi mtu, mkataba wenyewe unakubali matumizi ya busara ya ardhioevu. Faida yake ni kwamba nchi imeahidi mbele ya mataifa mengine kulinda hali ya eneo hilo, kwa hiyo mkiandika barua ya pingamizi taja Ramsar, mstari mmoja tu, unabadilisha namna barua inavyosomwa.

Na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, wavuvi wamefungiwa?

Haijafungwa yote. Ilitangazwa 1995, ina kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu wanaoishi na kuvua. Imegawanywa kwa kanda: kuna sehemu hakuna kuvua kabisa, kuna sehemu kwa wakazi na zana maalumu, kuna sehemu ya matumizi ya kawaida. Jueni mipaka ya kanda. Nje ya hifadhi, vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi wa ufukwe wao, vinaweza kukubaliana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa na kuufungua siku moja wote, pweza wanatoka wakubwa, na kijiji kikiliweka hilo kwenye sheria ndogo hata wavuvi wa dago wanaotoka mbali wanalazimika kuliheshimu.

Sheria ndogo ya kijiji tunaitungaje? Mbona yetu ilikataliwa mahakamani?

Nyingi zinakataliwa kwa sababu haikufika mwisho wa safari. Kijiji kinapata nguvu ya kutunga kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, mamlaka za wilaya. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unajadili na kupitisha, inapitia kamati ya maendeleo ya kata, halafu Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Ikikosa idhini ya wilaya ni makubaliano tu, hakimu ataiweka pembeni.

Makosa mengine: faini imeandikwa kubwa kuliko inavyoruhusiwa, mipaka haikutajwa ("msitu wa kule kwa mzee fulani" sio mpaka), hakuna muhtasari wa mkutano mkuu wenye majina na saini. Mkutano mkuu kisheria unakaa kila miezi mitatu, kama wenu haujakaa mwaka mzima anzeni hapo. Mwiteni mwanasheria wa halmashauri aisome rasimu kabla haijapitishwa. Na ijumuishe wanawake wanaookota chaza na kaa kule mikokoni, wao ndo wanaijua ile sehemu hatua kwa hatua, na mara nyingi rasimu inaandikwa na wanaume wenye mashua ambao hawajakanyaga tope miaka.

Kijiji chenye msitu wake kwenye ardhi ya kijiji kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, na hapo mapato ni ya kijiji. Kilwa wameweza: misitu ya mpingo ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kile cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

Watu wa biashara ya kaboni, wale wanaolipa msitu usikatwe ili ushike hewa ya ukaa, wamekuja, wanataka tusaini.

Msisaini siku hiyo. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mradi unatakiwa upite huko. Muulizeni mgeni amesajili wapi, mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi ya mapato na inahesabiwa kabla au baada ya gharama zake, na kijiji kinapoteza matumizi gani ya msitu. Mkataba ujadiliwe mkutano mkuu, usiishie kwa mwenyekiti na mtendaji. Zipo sehemu zimefaidika kweli, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanalinda misitu na mapato yanaonekana. Na majirani zetu wa Gazi, Kenya, wana mradi wao wa kaboni uitwao Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117 tu za mikoko, hela inaingia kwenye maji na shule. Mradi mdogo, lakini wanajua kila senti imekwenda wapi.

Tukipanda mikoko serikali itaturuhusu tutumie?

Ongea na TFS kwanza, kwa maandishi. Na nawasihi, msipande kwa ajili ya picha. Naona wageni wanaletwa wakati wa maji kupwa, wanachomeka mbegu za mkoko kwenye mchanga wazi au juu ya nyasi bahari, kila mmoja fulana mpya, na baada ya bamvua mbili hakuna kitu. Kila mti una mahali pake: mlilana unasimama mbele unapigwa na bahari, mkoko katikati kwenye tope, mkandaa nyuma zaidi. Nyasi bahari nayo ni malisho ya samaki, kuifunika kwa mikoko ni kuharibu kimoja kwa jina la kingine. Mara nyingi dawa ni kuzibua mkondo ulioziba maji yaingie, mbegu zinakuja zenyewe.

Zanzibar na Kenya je?

Zanzibar mazingira sio jambo la Muungano, wana sheria yao ya 2015 na mamlaka yao, ZEMA. Usipeleke malalamiko ya Unguja NEMC.

Kenya wana sheria yao ya 1999 na Katiba ya 2010 ambayo ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Wana mahakama maalumu ya mazingira na ardhi. Kesi ya Lamu isomeni: Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Wana-Lamu waliweka kumbukumbu za kila kikao kilichofanyika na ambacho hakikufanyika.

Nimeona uharibifu leo. Nifanye nini sasa hivi?

Usiende peke yako kumkabili mtu, hasa usiku, hasa mwenye panga au baruti. Piga picha kwa mbali, simu iwe imewashwa eneo. Andika tarehe, saa, mahali, ulichoona, namba ya chombo kama ipo. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kamati ya mazingira, kijiji kiandike barua siku hiyo hiyo. Mikoko peleka TFS, baruti na nyavu haramu peleka BMU na afisa uvuvi, ujenzi na maji taka peleka afisa mazingira wa wilaya na NEMC kanda, kuchepusha maji peleka bodi ya bonde. Kopi ya kila barua ibaki kwenye faili la kijiji, na faili likae ofisini, lisikae nyumbani kwa mtu, maana uongozi unabadilika. Ukikaa wiki mbili bila jibu andika barua ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, kopi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mkuu wa Wilaya. Barua ya pili ndo huwa inajibiwa.